Ridhaa ya mgonjwa isigeuzwe kinga ya uzembe katika upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hupita bila kuelezwa vizuri kila habari ya kosa la upasuaji inapoandikwa. Mgonjwa au ndugu zake wanapolalamika kwamba ameumizwa mezani, jibu la kwanza wanalopewa mara nyingi ni kwamba alitia saini fomu ya ridhaa, na kwa hiyo aliyakubali yote yaliyompata. Jibu hilo si sahihi kitabibu wala kisheria, na kwa maoni yangu ndilo linalowafanya watu wengi walioumizwa warudi nyumbani wakiamini kwamba hawana pa kudai. Nilifanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nimeziona fomu hizo zikijazwa katika hali za kila aina, na ningependa wasomaji wajue zinabeba nini na hazibebi nini.

Kwa kutia saini, mgonjwa anatoa ruhusa mwili wake upasuliwe, kwa sababu bila ruhusa hiyo kumkata mtu mzima mwenye akili timamu ni kumshambulia, hata nia ikiwa njema kiasi gani. Vilevile anakiri kwamba ameelezwa hatari zinazojulikana za upasuaji wenyewe, kama vile kutokwa damu nyingi, kidonda kupata maambukizi, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu, na matatizo yanayotokana na dawa ya usingizi. Hatari hizo zinaweza kumpata mtu hata pale ambapo kila aliyekuwamo chumbani alitimiza wajibu wake. Kwa maneno mengine, mgonjwa anakubali hatari inayobaki baada ya uangalifu wote kutumika. Hakubali kwamba uangalifu wenyewe usiwepo. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuridhia kupasuliwa goti la kulia wakati linalouma ni la kushoto, wala kushonwa tumbo huku shashi imebaki ndani, na hakuna hospitali inayoweza kuyasoma hayo katika saini yake.

Isitoshe, namna ridhaa inavyochukuliwa mara nyingi inatia shaka kama ni ridhaa kweli. Mgonjwa amekwisha kuvuliwa nguo zake na kuvishwa gauni la upasuaji, amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, dripu iko mkononi, miwani yake imebaki kwa dada yake huko nje, na mtu aliyevaa barakoa anamwonyesha kwa kidole mstari wa chini wa karatasi na kumwambia aweke saini au dole gumba. Anayemletea karatasi hiyo si daktari atakayempasua, na huenda hajui kwa undani upasuaji wenyewe utafanywaje. Nimeona wagonjwa wakiuliza swali moja la maana kabisa, "Na nikikataa, kuna njia nyingine?", na wakajibiwa kwamba daktari anasubiri. Kwa dharura ya kuokoa maisha naelewa kwamba dakika zina thamani, lakini operesheni nyingi hupangwa siku na hata wiki kabla, na hakuna sababu ya kuchelewesha maelezo hadi mlangoni mwa thieta.

Mahakama za nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa makini. Kwa miaka mingi Uingereza ilifuata kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957, ambacho kwa ufupi kilisema kwamba daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kwa namna ambayo kundi la madaktari wenye ujuzi katika fani hiyo lingeiona kuwa inafaa. Mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kipimo hicho hakitoshi linapokuja suala la kumweleza mgonjwa hatari zinazomkabili. Mama mwenye kisukari hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto wake yangeweza kukwama wakati wa kujifungua, hatari ambayo kwa akina mama wa hali yake ilikuwa asilimia 9 hadi 10, na mtoto akazaliwa akiwa na ulemavu mkubwa. Mahakama ilisema kwamba daktari anapaswa kueleza hatari ambayo mtu mwenye busara aliye katika nafasi ya mgonjwa angeiona ina uzito, pamoja na njia nyingine za matibabu zilizopo. Uamuzi wa aina hii unaiweka karatasi mahali pake, kwamba ni ushahidi wa mazungumzo, na mahali ambapo mazungumzo hayakufanyika, karatasi haithibitishi mengi.

Sasa nije kwenye tofauti ambayo ndiyo kiini cha barua hii, yaani tofauti kati ya tatizo la upasuaji na uzembe, kwa kuwa hapo ndipo walalamikaji wengi hupotea na hospitali nyingi hujificha. Chukua mfano wa mwanamke anayetolewa mfuko wa uzazi. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu hupita karibu sana na mishipa ya damu ya mfuko huo, na mgonjwa akiwa amewahi kupasuliwa au ana uvimbe mkubwa, viungo vya ndani huwa vimeshikana kiasi kwamba hata daktari bingwa hodari anaweza kuukata au kuufunga mrija mmoja kwa uzi. Ajali hiyo peke yake haitoshi kusema kwamba daktari alizembea. Inawezekana alifanya kila alichopaswa kufanya, na mwili wa mgonjwa haukumpa nafasi.

Lakini fuatilia siku zinazofuata. Mgonjwa anapata homa, ubavu unamuuma, tumbo linajaa, kisha anaanza kuona majimaji yakimtoka ukeni bila yeye kuyazuia. Anamwambia muuguzi wa zamu, anaambiwa ni maumivu ya kawaida ya mshono. Anamwambia daktari wa mzunguko wa asubuhi, anaandikiwa dawa ya maumivu. Hakuna anayempima figo, hakuna anayeagiza picha, na hakuna anayemwita daktari aliyempasua. Siku zinakwenda, anaruhusiwa kurudi nyumbani, na anakuja kugunduliwa na hospitali nyingine baada ya figo moja kuharibika au akiwa tayari na fistula, yaani tundu lisilo la kawaida linalopitisha mkojo hadi ukeni. Katika masimulizi kama haya uzembe haukutokea kwenye kisu hata kidogo. Ulitokea wodini, kwa watu waliopuuza dalili ambazo kila kitabu cha fani hiyo kinazitaja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu familia nyingi huelekeza hasira yao yote kwenye saa zile mbili za thieta ilhali ushahidi wenye nguvu zaidi umo kwenye karatasi za wodi, kwenye chati ya joto la mwili na mapigo ya moyo ambayo aidha inaonyesha hali ikizidi kuwa mbaya bila mtu kuchukua hatua, au haikujazwa kabisa.

Yapo makosa mengine ambayo hayahitaji uchambuzi huo wote, kwani hakuna uangalifu wa kawaida unaoweza kuyaruhusu. Kumpasua mgonjwa asiyehusika, kupasua upande usiohusika, kufanya operesheni ambayo siyo iliyokusudiwa na kusahau kifaa mwilini ni ya kundi hili, na sheria katika nchi nyingi ina kanuni kwamba jambo la namna hiyo linajieleza lenyewe. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza linalofanana walibadilishana operesheni: aliyepaswa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, na madaktari wakang'amua baada ya kuikosa damu hiyo. Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya hospitali zenye uhaba wa vifaa. Mwaka uleule wa 2007, hospitali ya Rhode Island nchini Marekani ilifanya upasuaji wa kichwa upande usio sahihi mara tatu kwa wagonjwa tofauti, ikatozwa faini ya dola 50,000. Vifaa na wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama dakika moja na kuuliza kwa sauti: huyu ni nani, na tunapasua wapi?

Swali hilo ndilo lililowekwa katika orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ni karatasi moja yenye mambo 19, yanayosomwa mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo Ifakara nchini Tanzania pamoja na London, Toronto, Manila na mingineyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyotumika wala mashine ya gharama. Ndiyo maana huniuma kuona orodha hiyo ikijazwa yote na mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, kabla mgonjwa hajaingia, kwa ajili ya kukamilisha faili. Orodha iliyojazwa hivyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu kosa likitokea itasomwa mahakamani kama uthibitisho kwamba kila kitu kilikaguliwa.

Kuhusu vitu vinavyosahauliwa tumboni, naomba niseme kidogo kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Shashi za upasuaji huwa na uzi au ukanda unaoonekana kwenye eksirei, na huhesabiwa kwa sauti na watu wawili, muuguzi anayempa daktari vifaa na muuguzi anayehudumu chumbani, kabla ya operesheni kuanza, kabla ya tumbo kufungwa, na tena wakati ngozi inashonwa. Idadi huandikwa ubaoni. Zilizolowa damu hutandazwa moja moja mahali zinapoonekana, maana shashi mbili zilizoshikana kwa damu zinaonekana kabisa kuwa moja. Hatari huzidi operesheni ikiwa ya dharura, mpango ukibadilika katikati, au zamu ikibadilishana kabla kazi haijaisha na anayeingia akapokea hesabu ya mdomo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uligundua jambo linalopaswa kumtia kila muuguzi hofu ya kufaa: katika visa vya kusahau kifaa ambavyo hesabu ya mwisho ilifanyika, asilimia 88 hesabu iliandikwa kuwa imetimia. Kwa hiyo muuguzi mwenye shaka asizimwe. Aliye mdogo kuliko wote chumbani akisema kwamba shashi moja haionekani, kazi ya kufunga tumbo isimame, na shashi isipopatikana mgonjwa apigwe eksirei akiwa bado palepale. Nimewahi kusikia daktari akimwambia muuguzi kijana kwamba amekosea kuhesabu na kwamba yeye anafunga. Shashi ikapatikana ndani ya mkunjo wa kitambaa, namshukuru Mungu, lakini kama ingekuwa kwa mgonjwa, ni yule kijana ambaye angeitwa kujieleza.

Hilo linanipeleka kwenye suala la nani awajibike. Taasisi hupenda kumtoa mtu mmoja, hasa wa ngazi ya chini, asimamishwe kazi, kisha mambo yaendelee kama yalivyokuwa. Daktari aliyefanya kazi usiku kucha bila kulala, mtaalamu mmoja wa usingizi anayesimamia vyumba viwili kwa wakati mmoja, chumba cha kumwangalia mgonjwa baada ya operesheni kisicho na muuguzi: haya ni maamuzi ya uongozi, na sheria ya madai kwa kawaida humbebesha mwajiri dhima ya makosa ya watumishi wake kazini. Anayedai fidia asikubali kuambiwa kwamba aliyekosea amekwisha kufukuzwa, hivyo shauri limeisha.

Baada ya kosa huja ukimya, na katika uzoefu wangu ukimya ndio unaowaumiza watu kuliko kidonda. Daktari aliyekuwa akipita kila asubuhi haonekani tena. Faili linasemekana liko kwa mganga mfawidhi, kisha liko masjala, kisha halipo. Ndugu wanaambiwa ni mapenzi ya Mungu, na wao, kwa kuwa ni watu wa imani, wanainamisha vichwa. Sina ubishi na mapenzi ya Mungu, lakini hayawezi kutumiwa kumnyima mtu maelezo ya kilichofanyika ndani ya mwili wake. Wakubwa wa hospitali huogopa kwamba wakisema ukweli watashtakiwa, na hofu hiyo inaeleweka, ila yaliyotokea mahali pengine yanaipinga. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani zilianza mwaka 2001 utaratibu wa kuchunguza kosa, kumweleza mgonjwa wazi, kuomba radhi na kutoa fidia bila kungoja kushtakiwa, na madai mapya yakapungua badala ya kuongezeka, na yaliyofunguliwa yakamalizika mapema zaidi. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2014 hospitali za umma zina wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa ukweli pale alipopata madhara makubwa. New Zealand ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu mwaka 1974 ina mfuko wa kuwafidia walioumia bila kuwalazimu kwanza kumtafuta mwenye hatia mahakamani.

Mahali pasipo na mfuko wa aina hiyo, mgonjwa anayekwenda mahakamani anabeba mzigo wa kuthibitisha mambo manne: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwake, kwamba alishindwa kuutimiza kwa kiwango kinachotarajiwa, kwamba kushindwa huko ndiko kulikomletea madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Jambo la tatu ndilo gumu, kwa sababu hospitali itasema kwamba ugonjwa wake ungemfikisha hapo hata bila kosa, na atahitaji daktari mwingine wa fani hiyohiyo kuja kutoa ushahidi. Madaktari wengi hukwepa kumtolea mwenzao ushahidi, na nadhani vyama vya kitaaluma vinapaswa kuuona ukwepaji huo kuwa ni doa kwa taaluma, kwa kuwa anayezembea anawachafulia jina wanaofanya kazi kwa moyo. Ijulikane pia kwamba kulalamika kwenye baraza linalosajili madaktari au wauguzi si sawa na kudai fidia. Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfutia mtu leseni, lakini kwa kawaida halimlipi mgonjwa. Kuna watu walioacha muda wa kisheria wa kufungua madai upite huku wakisubiri uamuzi wa baraza, na walipokwenda kwa wakili wakaambiwa wamechelewa.

Kwa hiyo anayehisi kwamba ameumizwa aombe kwa maandishi, tena mapema, nakala ya taarifa ya upasuaji ambayo daktari huandika baada ya kazi, chati ya dawa ya usingizi, karatasi ya hesabu ya shashi na vifaa, chati za wodini na muhtasari wa kuruhusiwa. Abaki na nakala ya ombi lenyewe lenye tarehe ya kupokelewa. Aandike kwenye daftari lini dalili zilianza na alimwambia nani. Apate maoni ya daktari wa hospitali nyingine, na picha zitakazopigwa huko azihifadhi. Wala asiwatishe wala kuwapiga wahudumu wa afya, kama inavyotokea mara nyingine, kwa kuwa mhudumu aliyepigwa hasemi ukweli, na shauri la mgonjwa linageuka kuwa shauri dhidi ya ndugu zake.

Sisemi haya ili watu wakimbie upasuaji. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoumudu, na wengi hufa kwa magonjwa ambayo kisu kingeyaponya. Ninachoomba kwa viongozi wa hospitali ni kwamba operesheni zisizo za dharura zielezwe na daktari atakayezifanya, siku moja kabla au zaidi, katika lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na mgonjwa aondoke na nakala ya alichokisaini; na kwamba kila anayeruhusiwa apewe nakala ya taarifa ya upasuaji wake bila kuiomba, kama anavyopewa risiti ya malipo.

Kwa waandishi wako, Ndugu Mhariri, nina ombi moja la kitaaluma. Watakapokwenda hospitalini kufuatilia malalamiko ya familia, waombe kuelezwa nani aliisoma orodha ya usalama siku hiyo na nani walihesabu shashi, waulize dalili za kwanza ziliandikwa lini wodini na hatua gani ilichukuliwa, kisha waulize familia iliambiwa siku gani na nani.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji